Visa vinne vya mapenzi ya kiungwana vya Ufaransa ya kale: uanze na kipi?

Lancelot, Guinevere, Tristan, Iseut. Majina haya wengi tumeyasikia kabla ya kujua yametoka wapi. Ukitaka kuvisoma visa vyenyewe unakutana na rundo: tenzi ndefu, vipande vilivyosalia, masimulizi yaliyoandikwa upya karne nyingi baadaye, na kila mpenzi wa fasihi ana lake la kukushauri. Nimevirudia visa hivi kwa miaka, na nimeona wasomaji wazuri wakivikimbia kwa sababu moja tu: walianza na kisichowafaa.

Hapa naviweka vinne kwenye mizani moja: visa vifupi vya Marie de France, kisa cha Lancelot na mkokoteni cha Chrétien de Troyes, Tristan na Iseut, na Aucassin na Nicolette. Vilitungwa katika karne ya 12 na ya 13, kwa Kifaransa cha kale, baada ya washairi wa kusini walioimba kwa Kioksitani kuwa wamekwisha kuyapa mapenzi ya namna hii jina lao, fin'amor. Jina linalotumika zaidi leo, amour courtois, lilienezwa na mwanazuoni Gaston Paris mwaka 1883, na alilitumia akimzungumzia Lancelot huyu huyu. Kwa Kiswahili naona "mapenzi ya kiungwana" yanatosha, maana kiini chake ni adabu: mwanamume anajifunza subira, utii na kutunza siri mbele ya bibi ambaye kwa kawaida amemzidi cheo, na mara nyingi ni mke wa mtu.

Neno moja kuhusu lugha, kwa kuwa linavihusu vyote vinne. Kifaransa cha kale hakisomeki kirahisi hata kwa msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi aliyesoma shule nzima kwa Kifaransa. Atahitaji toleo lenye tafsiri ya Kifaransa cha leo pembeni. Wengine tunapitia tafsiri za Kiingereza. Kinachopotea kwanza katika tafsiri ni mapigo. Visa vitatu kati ya hivi vimetungwa kwa mishororo ya mizani 8, inayofungwa vina viwili viwili. Anayejua utenzi ataitambua hesabu hiyo, ingawa vina vyetu hupangwa kwa namna nyingine. Ukipata nafasi ya kusikia kipande cha asili kikisomwa kwa sauti, sikiliza hata kama huelewi neno.

Vigezo

Nitavipima kwa mambo matano: urefu na umbo, kinachowatenga wapenzi, nafasi ya mwanamke, mwisho, na kinachoweza kumchosha msomaji. Cha pili nakipa uzito kuliko vingine. Visa hivi bila kizuizi havina pumzi. Mimi nadhani ndiyo sababu vimedumu zaidi ya miaka 800: kila kimoja kimechagua kizuizi chake na kukishikilia hadi mwisho, na msomaji hukipenda kisa kwa kadiri kizuizi hicho kinavyomgusa.

Visa vya Marie de France

Urefu na umbo. Ni visa 12, kila kimoja kinajitegemea. Kifupi kuliko vyote, Chevrefoil, kina mishororo 118. Kirefu, Eliduc, hakifiki 1,200. Mswada mmoja tu ndio uliovihifadhi vyote 12 pamoja na dibaji yake, nao uko Maktaba ya Uingereza, London. Marie mwenyewe tunamjua kwa machache: alilitaja jina lake, akasema anatoka Ufaransa, na inaelekea aliandikia Uingereza, ambako wakati huo waungwana walizungumza Kifaransa.

Kinachowatenga. Mara nyingi ni mume na kuta za nyumba. Chukua Laüstic, mishororo 160 tu. Mjini Saint-Malo kuna nyumba mbili zinazopakana. Mke wa nyumba hii na kijana wa nyumba ile wanapendana, lakini hawawezi kufanya zaidi ya kusimama dirishani usiku, kutazamana na kurushiana vizawadi. Mume anauliza mbona mkewe haachi kuamka. Anajibu kwamba anamsikiliza ndege mdogo aimbaye usiku. Mume anatega mitego na ulimbo bustani nzima, anamkamata ndege, anamwita mkewe, anamnyonga ndege mbele yake na kumtupia. Damu inaingia kwenye nguo, kifuani. Mke anamviringisha ndege katika hariri nzito iliyotariziwa dhahabu na kuandikwa kote, anamtuma mtumishi ampeleke kwa jirani. Jirani anatengeneza kijikasha cha dhahabu na vito, anamlaza ndege humo, na popote aendapo anakwenda nacho.

Nguo yenye maneno sisi tuliokulia kati ya kanga hatuhitaji kuelezwa. Nilipomsimulia shangazi yangu kisa hiki, usiku mmoja umeme umekatika, hakuuliza habari za mume wala za ndege. Aliuliza, "Kile kitambaa kiliandikwa nini?" Marie hasemi. Shangazi akafikiri, kisha akasema yeye angeandika: Ndege umemuua, sauti yake huiwezi. Nikamwambia kitambaa kilikuwa kinakwenda kwa mpenzi, si kwa mume. Akanijibu kwamba maneno ya kanga humfikia anayehusika hata asipotumiwa. Tangu siku hiyo siwezi kukisoma kisa hicho bila kuyaona maneno hayo kwenye hariri.

Nafasi ya mwanamke. Ni kubwa, na ina sura nyingi. Katika Lanval ni mwanamke anayemchagua mwanamume maskini aliyesahauliwa na mfalme Arthur, anamtajirisha, anamtaka atunze siri, na siri inapovunjika anaingia mwenyewe barazani kumwokoa, kisha anaondoka naye kwenda Avalon, kisiwa cha hekaya. Katika Bisclavret, kinyume chake, mke anaficha nguo za mumewe anayegeuka mbwa mwitu ili asirudi kuwa mtu, na Marie hamhurumii.

Mwisho. Hautabiriki. Visa vingine ni furaha, vingine kaburi, na vingine, kama hicho cha ndege, vinakuacha na kijikasha mkononi.

Kinachoweza kukuchosha. Marie haelezi sana. Anayependa kuingizwa ndani ya moyo wa mhusika kurasa kwa kurasa ataona amekatishwa njiani.

Lancelot, au shujaa wa mkokoteni

Urefu na umbo. Takriban mishororo 7,100, simulizi moja. Chrétien alitunga miaka ya karibu na 1180 kwa ajili ya Marie wa Champagne, binti wa Eleanor wa Aquitaine na mfalme Louis VII, na mwanzoni kabisa anasema kwamba mada na maana amepewa na bibi huyo. Hakuimalizia mwenyewe, sehemu ya mwisho iliandikwa na Godefroi de Leigni, kwa ridhaa yake.

Kinachowatenga. Juu juu ni ndoa na utekaji: Guinevere ni mke wa Arthur, naye amechukuliwa na Meleagant kupelekwa nchi ya Gorre. Kizuizi chenyewe, lakini, ni fahari ya mwanamume. Lancelot, farasi wake ameshakufa, anakutana na kibeti anayeendesha mkokoteni. Mkokoteni zama hizo ulikuwa wa kuwatembeza wezi na wauaji mbele ya watu. Aliyepanda alipoteza heshima yake yote. Kibeti anamwambia: panda, kesho utapata habari za malkia. Lancelot anasita kwa muda wa hatua mbili tu, kisha anapanda.

Baada ya hapo anavuka daraja lililo upanga mtupu, kwa viganja na miguu isiyovaa kitu, akichuruzika damu. Anafika kwa malkia, naye anamgeuzia uso. Lancelot anadhani malkia ameona aibu kwa sababu alipanda mkokoteni. Baadaye, walipopatana, malkia anamweleza: kosa lilikuwa kwamba alisita. Hatua mbili. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikifunga kitabu na kukaa nalo siku nzima.

Nafasi ya mwanamke. Guinevere ni hakimu. Kwenye mashindano ya Noauz anamtumia ujumbe Lancelot apigane vibaya kadiri awezavyo, na Lancelot anapigana kama mwoga watu wakimcheka, hadi anapoamriwa vinginevyo. Wapo wanaomwona malkia kuwa mkatili. Mimi nasoma hapo swali zito la mtunzi: utii ukishakamilika, mtu anabaki na nini kilicho chake? Chrétien halijibu, na nampendea hilo.

Mwisho. Meleagant anauawa, uadui unaisha, lakini mapenzi yenyewe yanaachwa yananing'inia. Anayetaka kujua waliishiaje inabidi aingie katika masimulizi marefu ya nathari ya karne ya 13. Masimulizi hayo ndiyo mshairi wa Italia Dante, katika utenzi wake wa Jehanamu, aliyoyaweka mikononi mwa wapenzi Francesca na Paolo kule motoni: walikuwa wakisoma pamoja jinsi Lancelot alivyonaswa na mapenzi, wakabusiana, na siku hiyo hawakusoma zaidi.

Kinachoweza kukuchosha. Safari ina vituo vingi, wapita njia wasio na majina, na mapigano yanayofanana. Hata jina la shujaa linafichwa hadi karibu na katikati, malkia anapolitamka mwenyewe.

Tristan na Iseut

Urefu na umbo. Hapa hakuna kitabu kimoja kilichotimia. Kuna kipande cha mshairi Béroul, karibu mishororo 4,500, kisicho na mwanzo wala mwisho. Kuna vipande vya mshairi mwingine, Thomas, hasa vya kuelekea kifo. Mwaka 1900 mwanazuoni Mfaransa Joseph Bédier aliviunganisha na vyanzo vingine akatoa simulizi moja la nathari, na wasomaji wengi wa leo wanamjua Tristan kwa mkono wake. Bédier alifariki mwaka 1938, hivyo maandishi yake sasa hayana haki miliki na ni rahisi kuyapata bure mtandaoni. Ushauri wangu: Bédier kwanza, kisha Béroul ukishaipenda hadithi.

Kinachowatenga. Kila kitu. Iseut anasafirishwa kwa merikebu kwenda kuolewa na mfalme Marc wa Cornwall, na anayemsindikiza ni Tristan, mpwa wa mfalme. Baharini, kwa makosa, wanakunywa kinywaji cha mapenzi kilichoandaliwa kwa ajili ya bibi na bwana harusi. Pwani wangesema limbwata, ila hili halikutegwa na mtu: limewanasa wote wawili. Kwa Béroul nguvu yake ni ya miaka mitatu. Kwa Thomas halina muda. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kwa Béroul inafika siku dawa inaisha, wapenzi wanaona njaa na matambara waliyovaa, Iseut anarudi kwa mumewe, na bado hawaachani.

Kuna tukio moja la msitu wa Morrois ambalo naliweka juu ya yote katika fasihi hii. Mfalme Marc anawakuta wamelala kibandani, wamevaa nguo zao, upanga uchi katikati yao. Alikuja kuua. Anaona mwale wa jua umepenya majani na kumwangukia Iseut usoni, anaziweka glavu zake pale tundu lilipo ili jua lisimchome. Anamvua pete kidoleni. Zamani pete hiyo iliingia kwa shida. Sasa vidole vimekonda, inatoka yenyewe. Anauchukua upanga wa Tristan, anaacha wake, anaondoka kimya. Ukisoma hapo hujui tena umwonee nani huruma.

Nafasi ya mwanamke. Iseut ana akili kali. Akitakiwa kuapa hadharani kwamba hakumsaliti mfalme, anapanga Tristan ajifanye mkoma na ambebe mgongoni kuvuka tope. Kisha anaapa kwamba hakuna mwanamume aliyepita kati ya mapaja yake isipokuwa mumewe na yule mkoma aliyembeba. Kiapo ni cha kweli, na kila aliyekisikia amedanganyika.

Mwisho. Ni kifo. Tristan, akiwa na jeraha la sumu, anamtuma mtu akamlete Iseut: tanga jeupe likimaanisha yumo chomboni, tanga jeusi hayumo. Tufani inakichelewesha chombo, halafu upepo unakufa kabisa nchi kavu ikiwa inaonekana. Mkewe Tristan, Iseut mwingine, anamwambia tanga ni jeusi.

Kinachoweza kukuchosha. Kwa Béroul, hila na mitego vinarudiwa: unga unamwagwa sakafuni ili nyayo zionekane, maadui wanachungulia, wapenzi wanaponyoka tena. Na anayetaka hukumu ya wazi, nani mwema na nani mbaya, hataipata.

Aucassin na Nicolette

Urefu na umbo. Kifupi, chepesi, na cha pekee. Kina sehemu 41 zinazopokezana: 21 za wimbo, kwa mizani 7, na 20 za nathari. Mswada ni mmoja tu, uko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, na umeandikwa hata sauti za kuimbia. Kila sehemu inatangazwa: sasa inaimbwa, sasa wanasema na kusimulia. Aliyekua akisikia ngano za nyanya zenye wimbo katikati atajiona yuko nyumbani.

Kinachowatenga. Wazazi na nasaba. Aucassin ni mtoto wa mtawala wa Beaucaire. Nicolette ni mateka aliyenunuliwa kwa Wasaraseni, yaani Waislamu kwa msemo wa zama hizo, na kubatizwa. Baba hataki hata kusikia. Hapa hakuna mke wa mtu, kwa hiyo ni mapenzi ya kiungwana yaliyopinda kidogo kutoka kwenye kanuni.

Nafasi ya mwanamke. Nicolette ndiye mtendaji. Anafunga mashuka pamoja na kuteremka dirishani usiku, anainua gauni mbele na nyuma kwa sababu ya umande, na maua anayoyakanyaga yanaonekana meusi kando ya weupe wa miguu yake. Anamsikia Aucassin akilia ndani ya mnara, anakata nywele zake na kumrushia kupitia ufa. Baadaye ni yeye anayemrudishia bega lililoteguka, na mwishoni, akiwa amegunduliwa kuwa binti wa mfalme wa Carthage, anajipaka dawa ya majani usoni, anavaa kama mwimbaji wa kiume na kurudi na fidla kumtafuta mpenzi wake.

Mwisho. Harusi.

Kinachoweza kukuchosha. Safari ya nchi ya Torelore, ambako mfalme amelala kitandani kwa uzazi na vita vinapiganwa kwa mayai, jibini mbichi na matofaa yaliyochomwa. Wengine huipenda mno. Anayetafuta huzuni nzito ataona amepotea njia.

Kuna Roman de la Rose pia, na wengi watauliza mbona sikuuweka. Guillaume de Lorris aliuanza karibu mwaka 1230, Jean de Meun akauendeleza miaka 40 hivi baadaye, na jumla inazidi mishororo 21,000. Ni ndoto ya fumbo, na wahusika wake ni Uvivu, Hofu, Ukarimu na wenzao. Usome ukiwa umeshazoea wengine, au ukiwa mwanafunzi unayetaka kuelewa kwa nini mwandishi Christine de Pizan, mwanzoni mwa karne ya 15, aliulaumu kwa jinsi ulivyowasema wanawake.

Kulingana na hali yako

Una nusu saa jioni na hujawahi kusoma chochote cha zama hizo: Marie. Anza na Laüstic, kisha Lanval. Ukiona vinakuacha na njaa, hiyo ni dalili kwamba Tristan anakungoja.

Wewe ni mwalimu na una darasa la vijana: Lanval au Aucassin. Chenye kuimbwa kinagawanyika vizuri, kundi moja liimbe, lingine lisimulie. Kiapo cha Iseut kipo kwa watu wazima.

Unapenda kubishana baada ya kusoma: Lancelot. Waulize wenzako watatu kama malkia alikuwa na haki kuhusu zile hatua mbili, na andaa chai ya kutosha.

Unaandika mashairi au nyimbo za taarabu na unatafuta namna ya kusema jambo bila kulitaja: Marie tena, polepole, ukiangalia anachokinyamazia.

Umetoka kuachwa karibuni: Tristan asubiri. Chukua Aucassin.

Una subira, una likizo, na unataka kisa kimoja tu kitakachokaa nawe miaka: hapo nakubali chaguo ni kati ya Tristan na Lancelot. Anayeamini kwamba mapenzi humpata mtu kama homa ataelewana na Tristan. Anayeamini kwamba mapenzi ni kazi ya kila siku, na kwamba mtu hupimwa kwa vitu vidogo, atakaa na Lancelot.

Na bado ukisita kati ya Marie na Tristan, Chevrefoil kinawakutanisha wote wawili. Tristan amefukuzwa, anajificha msituni, anajua malkia atapita njia ile. Anakata kijiti, anakichonga pande nne, anaandika jina lake, anakiweka njiani. Iseut anakiona kijiti, anawaambia walinzi anataka kupumzika, anaingia msituni. Mishororo 118, na imekwisha kabla usingizi haujakupitia.